Maumivu yakiisha usidhani jiwe limeisha

Ndugu msomaji, muulize mtu yeyote aliyewahi kuugua mawe ya figo akueleze maumivu yake, nawe utauona uso wake ukibadilika hata kabla hajafungua kinywa. Atakuonyesha ubavu, kisha kiuno, kisha chini kwenye nyonga. Atakueleza jinsi alivyogaagaa sakafuni usiku wa manane, jinsi alivyotapika, jinsi alivyokosa pa kukaa, pa kulala wala pa kusimama. Wako akina mama watakaokuambia kwamba afadhali uchungu wa uzazi, kwa kuwa huo una mtoto mwishoni.

Leo sikukusudia kuyarudia maumivu hayo. Ninachotaka tuzungumzie ni siku yanapoisha. Hiyo ndiyo siku ya hatari. Mgonjwa hulala usingizi mnono, huamka akiwa na njaa, huwashukuru madaktari na Mungu wake, halafu ile fomu ya kliniki huitia ndani ya droo na maisha yakaendelea. Jiwe nalo, mara nyingi, liko pale pale.

Nasema hivi kwa sababu ugonjwa huu umebisha hodi kwetu mara mbili: kwanza kwa kaka yangu mkubwa, kisha kwangu mimi. Sote wawili tulitibiwa katika jiji hili la Nairobi, sote tulipata nafuu upesi, na sote tuliandikiwa tarehe ya kurudi. Yaliyofuata baada ya hapo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

MRIJA ULIOSAHAULIWA

Kaka yangu ni dereva wa matatu. Wewe mkazi wa jiji unaijua kazi hiyo. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi saa nne za usiku. Mwenye gari anangoja hesabu yake, abiria wanangoja steji, na choo kilicho karibu hulipiwa na kina foleni. Ili asisumbuke njiani, dereva hanywi maji. Anakunywa kikombe cha chai asubuhi na pengine soda moja saa nane za mchana, basi. Jua linapiga kioo, joto la injini linapanda miguuni, jasho linamtiririka, na jioni mkojo wake una rangi ya chai isiyo na maziwa.

Ukitaka kuelewa kinachotokea ndani ya figo za mtu kama huyo, chungulia ndani ya birika lililochemshia maji ya kisima kwa miezi mingi. Utaona weupe mgumu umeganda. Mkojo umebeba chumvi za namna nyingi, na maji yakiwa haba, chumvi hizo hukutana, hushikana na kuganda. Punje huwa changarawe, na changarawe huwa jiwe. Likitulia ndani ya figo huenda usilisikie miaka nenda miaka rudi. Likianza safari ya kuteremka ndani ya yureta, ule mrija mwembamba wa sentimita 25 hadi 30 unaopeleka mkojo kwenye kibofu, ndipo kilio huanza.

Mwaka wa 2016 kaka alikamatwa na maumivu akiwa kazini. Kufikia usiku alikuwa na homa na anatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Hospitalini picha ilionyesha jiwe la milimita 11 limeziba yureta ya kushoto, na mkojo uliokwama nyuma yake ulikuwa umeingiwa na viini. Hali hiyo ni ya dharura, kwani sumu ya viini hivyo yaweza kuingia kwenye damu na kumwua mtu kwa muda mfupi sana. Madaktari walifanya lililofaa: hawakuligusa jiwe, bali walipitisha mrija laini wa plastiki ubavuni mwake ili mkojo upate njia. Mrija huo huitwa stenti. Ncha zake mbili zimejikunja kama mkia wa nguruwe, moja hukaa ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu, ili usiponyoke. Alipewa dawa za kuua viini, na siku ya tano akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alitakiwa arudi baada ya wiki 4, jiwe livunjwe na stenti itolewe.

Hakurudi. Tafadhali usiwe mwepesi wa kumlaumu, msomaji. Kwanza, hakuwa na maumivu tena, na mtu asiye na maumivu huona ni kupoteza siku kukaa foleni na wagonjwa. Pili, fomu aliyopewa iliandikwa kwa Kiingereza cha madaktari, nusu yake herufi za mkato. Kaka alipelekwa chumba cha upasuaji, akaletwa kitandani akiwa mzima, akaamini kwamba jiwe limetolewa. Hakuna aliyeketi naye akamwambia kwa lugha anayoielewa, "Ndugu yangu, jiwe bado limo, na sasa una kitu kingine ndani yako ambacho lazima kitoke." Tatu, gharama ya mara ya kwanza ililipwa kwa mchango wa jamaa na madereva wenzake wa steji. Kurudi kulihitaji mchango mwingine, na siku nyingine bila hesabu. Hospitali nayo haikumpigia simu. Siitaji jina, kwani nia yangu si kumshtaki mtu.

Ikapita miaka miwili. Mwaka wa 2018 alianza kuona damu kwenye mkojo, hasa siku alizopita barabara mbovu. Alihisi mwasho kila alipokwenda haja ndogo, na mgongo ulimsumbua kwa maumivu mazito yasiyokwisha. Alinunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa, akaendelea kuendesha. Mama yetu ndiye aliyekuja kutoka nyumbani, akamtazama siku moja tu, akasema, "Mwanangu, rangi hii si yako. Kesho hutaendesha gari la mtu." Na kweli hakuendesha.

Picha ya eksirei ilituonyesha jambo ambalo sitalisahau. Ile stenti ilionekana kama mzizi mweupe, imevikwa mawe kuanzia figoni hadi kibofuni, na ncha ya chini ilikuwa imeota jiwe la ukubwa wa ndimu. Mrija ulioletwa kuokoa figo ulikuwa umegeuka kuwa mti wa kuzaa mawe.

Kwa kawaida stenti hutolewa kwa muda wa dakika chache. Daktari huingiza kamera nyembamba kwa njia ya mkojo, huishika ncha ya chini na kuivuta, na mara nyingi mgonjwa yu macho, amepakwa dawa ya ganzi tu. Ya kaka ilihitaji operesheni tatu katika muda wa miezi minne: moja ya kuvunja jiwe la kibofuni, moja ya kutoboa mgongoni hadi kwenye figo, na moja ya kusafisha mabaki. Alipopimwa baadaye, figo yake ya kushoto ilikuwa ikifanya asilimia 14 tu ya kazi yote ya figo zake mbili. Ya kulia inambeba tangu siku hiyo.

Kisa chake si cha ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1991 katika jarida la madaktari wa njia ya mkojo uliangalia stenti zilizotolewa kwa wagonjwa wa mawe. Zilizotolewa kabla ya wiki 6, ni karibu asilimia 9 tu zilizokuwa zimeanza kugandwa na mawe. Zilizokaa kati ya wiki 6 na 12, karibu nusu. Zilizozidi wiki 12, zaidi ya asilimia 76. Kwa hiyo tarehe anayokuandikia daktari haitokani na mazoea ya kliniki. Ni hesabu ya muda kabla ya mawe kuanza kukipanda kile kilichowekwa ndani yako.

KIMYA CHA FIGO

Mtu akiwa na ndugu wa damu aliyepata mawe ya figo, uwezekano wake wa kuyapata huzidi takriban maradufu. Basi zamu yangu ilifika mwaka wa 2022. Mimi si dereva, lakini mwandishi naye hukaa kutwa juu ya kiti akiongeza kikombe cha kahawa juu ya kikombe cha kahawa, na chupa ya maji ipo pembeni kama pambo.

Langu lilikuwa la milimita 7, upande wa kulia, katikati ya yureta. Daktari alinieleza hesabu yake waziwazi. Jiwe lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Lililopita milimita 10 ni nadra kutoka bila msaada. Langu lilikuwa la katikati: laweza kwenda, laweza kukwama. Alinipa dawa za maumivu na dawa ya kulegeza mrija, akaniambia nichuje kila tone la mkojo, kisha nirudi baada ya wiki 3 kwa picha nyingine, "hata kama utakuwa unacheza dansi."

Mume wangu alininunulia chujio la chai, akalifunga utepe mwekundu ili lisije likarudi jikoni kwa bahati mbaya. Watoto walicheka wiki nzima. Nilichuja, nikachuja, sikupata kitu. Siku ya tano maumivu yakatoweka kabisa, kama taa iliyozimwa. Wiki zile zilizofuata nilifanya kazi, nilikwenda harusi, na kwa kweli nilicheza dansi. Lakini lile chujio lilikuwa tupu, na kisa cha kaka hakikunitoka kichwani. Tarehe ilipofika, nilikwenda.

Picha ilionyesha jiwe lile lile, limeshuka kidogo tu na kujikita karibu na kibofu. Juu yake yureta ilikuwa imepanuka, na figo imefura kwa mkojo uliokosa njia. Nilimwuliza daktari inawezekanaje hali nami sihisi chochote.

Alinichorea kwenye karatasi. "Dada," alisema, "maumivu yale makali hayatokani na jiwe kukukwaruza. Yanatokana na figo kufura kwa ghafla. Figo ikikaa imezibwa, huchoka, hupunguza kutengeneza mkojo, msukumo ukashuka, nawe ukaona nafuu. Lakini mlango bado umefungwa. Ukiuacha umefungwa miezi mingi, figo itakufa, na haitakuaga."

Ningeomba kila mgonjwa wa mawe aambiwe maneno hayo kabla hajatoka wadini. Figo haina tabia ya kupiga kelele muda wote. Madaktari hawapendi jiwe lililoziba likae kwenye yureta zaidi ya wiki 4 hadi 6, kwani baada ya hapo madhara yaweza kuwa ya kudumu. Mtu aliye na figo mbili anaweza kupoteza moja bila kujua, kwa sababu ya pili huinua mzigo wote bila kunung'unika.

Langu lilivunjwa kwa leza, kwa kamera iliyopitishwa njia ya mkojo. Nami nikawekewa stenti, ya wiki mbili. Nakueleza ukweli kwamba si kitu cha kupendeza. Unahisi kwenda haja ndogo kila mara, ubavu unachoma unapokojoa, na matone ya damu huonekana ukitembea sana. Mambo hayo ni ya kawaida na hukoma ikitolewa. Yasiyo ya kawaida ni homa, kutetemeka, mkojo kukatika kabisa, maumivu yasiyosikia dawa, au damu nzito yenye mabonge. Ukiyaona hayo usingoje tarehe. Nenda usiku huo huo.

JIWE NALO LINA KABILA

Vipande vyangu vilipelekwa maabara, maana mawe hayafanani. Kati ya kila mawe 10 takriban 8 ni ya kalsiamu, na mengi ya hayo ni kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo ndani ya baadhi ya mboga. Mengine ni ya asidi ya yuriki, ambayo huandamana na nyama nyingi na ugonjwa wa jongo. Haya hayaonekani vyema kwenye eksirei ya kawaida, lakini yana jambo jema: yaweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza ukali wa mkojo. Mengine huzaliwa na viini vya maradhi ya njia ya mkojo, nayo hukua upesi hata yakaijaza figo nzima. Na yako machache ya kurithi, ambayo huanza hata utotoni. Kwa hiyo ukilinasa jiwe lako kwenye chujio, usilitupe kwa hasira. Litie kwenye kichupa kikavu ulipeleke. Ndilo shahidi pekee wa kile kilichokosewa ndani ya mwili.

Baada ya wiki kadhaa nilitakiwa pia kukusanya mkojo wa saa 24 ndani ya mtungi mmoja. Nilichagua Jumapili ili nisilazimike kuubeba kwenye basi. Nilipimwa damu vilevile, kuona kazi ya figo na kiwango cha kalsiamu, kwani mawe yanayorudi rudi wakati mwingine husababishwa na tezi ndogo za shingoni zinazomwaga kalsiamu nyingi katika damu. Majibu yangu hayakuwa na fumbo. Kutwa kucha nilikuwa nimetoa mililita 900 tu za mkojo, na chumvi ilikuwa tele.

NUSU YETU HURUDI PALE PALE

Ndugu msomaji, hapa ndipo kiini cha habari hii. Kutolewa jiwe si kuponywa tabia ya kutengeneza mawe. Karibu nusu ya waliopata jiwe mara moja hupata jingine katika muda wa miaka 10 hivi wasipobadilisha mwenendo. Mwingereza Samuel Pepys, aliyesifika kwa shajara yake, alipasuliwa jiwe la kibofu jijini London tarehe 26 Machi 1658, enzi ambazo hapakuwa na dawa ya usingizi. Alipona, akaazimia kuifanya siku hiyo kuwa ya karamu kila mwaka. Alipofariki mwaka wa 1703, mwili wake ulipochunguzwa, yalikutwa mawe 7 ndani ya figo yake ya kushoto. Mimi nimeiga nusu ya desturi yake. Kila mwaka, mwezi ule ule niliougua, napigwa picha ya ultrasaundi na kupimwa mkojo. Karamu hufuata baadaye, majibu yakiwa mema.

Dawa ya kwanza ya kuzuia mawe kurudi ni maji, nayo imepimwa. Mwaka wa 1996 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Nusu yao waliagizwa kunywa maji mengi hadi watoe angalau lita 2 za mkojo kwa siku, na nusu nyingine waliachwa waendelee kama kawaida. Baada ya miaka 5, mawe yaliwarudia asilimia 12 ya wanywaji maji, na asilimia 27 ya wengine. Siku hizi madaktari wanataka mkojo wenyewe ufike lita 2.5, yaani unywe karibu lita 3, na zaidi ukifanya kazi juani. Gawa kutwa nzima: chupa ya nusu lita mara sita, moja ikiwa ya kabla ya kulala. Usihesabu vikombe sana, bali tazama rangi. Mkojo uwe kama maji yaliyodondoshewa matone machache ya limau. Ila mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye figo zake zimedhoofika, amwulize daktari kwanza kiasi kinachomfaa.

La pili ni chumvi. Chumvi unayokula huivuta kalsiamu na kuimwaga kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mna chumvi ya chipsi, ya soseji na ya vile viungo vya pakiti tunavyokoroga kwenye mchuzi. Toa kidau cha chumvi mezani, na jamii nzima itafaidika.

La tatu huwashangaza wengi. Watu husikia jiwe ni la kalsiamu, basi huacha maziwa. La hasha! Kalsiamu ya chakulani hukutana na oksaleti tumboni, zikashikana na kutoka pamoja chooni kabla ya kufika kwenye figo. Waitalia wale wale, mwaka wa 2002, walilinganisha wanaume 60 waliopunguziwa kalsiamu na wengine 60 walioachiwa kalsiamu ya kawaida lakini wakapunguziwa chumvi na nyama. Katika miaka 5, mawe yaliwarudia 23 wa kundi la kwanza, na 12 tu wa kundi la pili. Kwa hiyo chai yako ya maziwa haina kosa. Kinachofaa kupunguzwa, kwa mwenye jiwe la oksaleti, ni spinachi, terere, njugu na chai ya rangi kila saa. Sukuma wiki haina oksaleti nyingi, kula. Nyama choma iwe ya siku maalumu, na sahani isiwe mlima. Limau na ndimu ni rafiki, maana zina sitreti ambayo huzuia chumvi za mkojo kushikana.

Kuna wanaosema chupa mbili za bia zitalisukuma jiwe. Bia hukufanya ukojoe usiku, halafu hukuacha mkavu asubuhi, na huongeza asidi ya yuriki. Wako pia wanaouza dawa za kuyeyusha kila aina ya jiwe kwa wiki moja. Jiwe la kalsiamu, lililo la wengi wetu, haliyeyuki kwa dawa yoyote inayojulikana. Na vidonge vya maumivu vya dukani, kama vile alivyotumia kaka, vikinywewa mfululizo huzidi kuidhoofisha figo iliyokwisha kujeruhiwa.

KABLA HUJATOKA HOSPITALINI

Mgonjwa anayeruhusiwa huwa anawaza mlango tu. Kwa hiyo wewe uliyemfuata, mke, mume, ndugu au mwana, uliza kwa niaba yake, na uandike majibu kwa lugha mnayozungumza nyumbani. Jiwe limetoka lote, au bado limo? Ameachiwa stenti? Kama ndiyo, itatolewa tarehe gani, wapi, na kwa pesa ngapi? Picha ya kuhakikisha itapigwa lini? Jiwe litapimwa na nani? Tupige simu namba gani usiku akipata homa? Nambari ya simu iliyoandikwa kwenye faili yake ndiyo anayotumia kweli?

Ulizeni pia habari ya malipo mapema. Wale wanaohifadhi kadi za zamani za NHIF wajue kwamba SHA ilichukua nafasi hiyo tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisha usajili na malipo yako yako sawa kabla ya tarehe ya kliniki, na umwulize karani wa hospitali kinacholipiwa na kisicholipiwa. Ni wengi wanaoahirisha kwa kuogopa gharama, lakini kaka yangu angekuambia jinsi operesheni tatu zinavyoshinda moja kwa bei, achilia mbali figo.

Kaka bado anaendesha, ila ameacha zamu ndefu. Anaweka chupa ya lita mbili karibu na usukani, na utingo wake amezoea kumngoja akishuka kwenye choo cha steji. Hupimwa damu kila baada ya miezi 6 kuona jinsi ile figo moja inavyostahimili. Abiria wakimnung'unikia kwa kuchelewa, huwaambia, "Nivumilieni, nina deni na figo yangu."

Kwa hiyo leo Jumapili, kabla hujalala, fungua ile droo ya karatasi za hospitali. Iwe ni yako, ya baba, au ya jirani aliyetibiwa mawe mwaka juzi akasema amepona, itafute ile fomu, uisome tarehe iliyoandikwa chini. Kama imepita wiki, nenda. Kama imepita miaka, nenda upesi zaidi. Usione haya mbele ya daktari, na usingoje maumivu yakuite.